Siku saba Ufaransa nikifuata sahani za kauri, kutoka Vincennes mpaka Saint-Yrieix

Siku ya kwanza, Ijumaa

Kabla ya kufika kwenye treni niseme kwanza kilichonipeleka. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba ya mawe Lamu, zile za zamani zenye zidaka ukutani, na kwenye zidaka zile kulikuwa na sahani sita za kauri, buluu na nyeupe, ambazo hazijawahi kupakuliwa wali hata siku moja. Kila Shaabani, Ramadhani ikikaribia, alikuwa anaziteremsha mwenyewe, hataki msaada wa mtu, anaziosha kwa maji matupu halafu kila moja anaigonga ukingoni kwa ukucha anasikiliza. Ikilia tiiing anairudisha mahali pake. Ikikoroma basi ina ufa, hata kama jicho halijauona bado. Mimi sa hivi ni mtu wa jikoni, niko hoteli moja Brussels mwaka wa saba huu, sahani zinapita mikononi mwangu mamia kwa siku, na mpaka leo nikishika sahani mpya lazima niigonge, wenzangu washazoea.

Mwaka jana wakaja watu wa harusi na sahani zao za kukodi, za Limoges, mji wa Ufaransa unaosifika kwa kauri, nikaambiwa hizi haziingii kwenye mashine, oshea kwa mkono moja moja. Usiku ule nikaanza kusoma na sikuacha tena. Nilichokuta ndo hiki: Ulaya nzima ilikuwa inanunua kauri ya China miaka na miaka na hakuna aliyejua inatengenezwa kwa kitu gani. Hata jina hawakuwa nalo, wakaiita porcellana, ambalo kwa Kiitaliano ni lile kombe dogo la baharini linalong'aa, sababu waliona ngozi yake na ya sahani ni moja. Na sisi tunaiitaje? Kauri. Kombe ni kauri na sahani ni kauri. Niliposoma hapo nilisimama jikoni na simu mkononi, manake neno hilo nimelitamka maisha yangu yote na sikuwahi kuliuliza.

Basi leo nimetoka Brussels asubuhi, saa moja na nusu hivi niko Paris. Kaka yangu na mkewe wanakaa Montreuil, na kutoka kwao mpaka ngome ya Vincennes ni mwendo wa mguu, kwa hiyo sikungoja, nimeweka begi, nimekunywa chai, nikamvuta wifi tukaenda.

Vincennes ndo ilipoanzia ile kauri ya kifalme. Mwaka 1740 ndugu wawili, Gilles na Robert Dubois, walitoka kiwanda cha Chantilly wakaja huku kusema siri wanayo. Orry de Fulvy, mkubwa mmoja wa mambo ya fedha za mfalme, akawapa pesa na nafasi humu humu ndani ya ngome. Wakachoma ikaharibika, wakachoma tena ikaharibika, haukupita muda mrefu wakafukuzwa. Aliyebaki na mapishi ya udongo kichwani ni mwenzao Gravant aliyekuwa anafanya kazi pamoja nao, na kiwanda kikasimama kwa mikono yake.

Na kilichowaletea pesa mwanzo hakikuwa sahani wala kikombe, yalikuwa maua. Maua ya kauri, petali moja moja inafinywa kwa vidole, na wafinyaji walikuwa wanawake. Mwaka 1748 likatengenezwa shada zima la maua hayo, Marie-Josèphe mke wa mtoto wa mfalme akalipeleka kwa baba yake kule Dresden, Ujerumani. Sasa baba yake ndo mwenye kiwanda cha Meissen, kiwanda cha kwanza Ulaya kutoa kauri kama ya China, tangu 1710! Yaani Wafaransa walimpelekea mwenye shamba embe. Ilikuwa salamu na ujumbe ndani yake, na nina hakika mzee alielewa.

Hapa ngomeni hamna kitu cha kuona kuhusu hayo yote. Wifi aliniuliza, "Wifi, sasa tumekuja kuangalia nini?" Nikamwambia tumekuja kusimama tu. Tukasimama, tukaangalia minara mpaka jua likaanza kulala, halafu tukarudi kupika.

Siku ya pili, Jumamosi

Soko la vitu vya zamani la Saint-Ouen. Nilienda nikiwa na lengo moja, nishike. Makumbushoni utaona kupitia kioo na mimi kitu nisichokishika sikijui.

Nilizunguka zaidi ya saa mbili. Mwisho nikaingia kwa mzee mmoja mwenye kabati dogo la vyombo, nikamsalimia, nikamwambia kwa Kifaransa changu cha jikoni kwamba mimi si mnunuzi mkubwa ila nafanya kazi na sahani na ningependa kushika moja ya Chantilly kama anayo. Akaniangalia mikono kwanza. Kweli, mikono. Halafu akafuta meza kwa kitambaa, akaweka sahani, akasema ishike kwa mikono miwili.

Nataka niieleze vizuri. Ni sahani ya kawaida kwa ukubwa, ukingo una mawimbi, katikati kuna tawi dogo la buluu na vimaua vimetawanyika, mkono wa aliyechora ulikuwa wa haraka na hauogopi. Nikaigeuza: chini kuna tarumbeta ndogo ya kuwindia, ya buluu, alama ya Chantilly. Weupe wake haufanani na karatasi wala maziwa, ni weupe wa tui. Ukiiinua mbele ya taa vidole vyako vinaonekana kivuli upande wa pili na ule mwanga unaopita una rangi ya asali. Juu kuna vitundu vidogo kama sindano, na sehemu moja ule mng'aro, yaani ngozi ya kioo inayoifunika sahani, umejaa ukawa mzito kama tone lililokusudia kudondoka likaahirisha.

Halafu nikaona mikwaruzo. Mistari myembamba katikati ya sahani, mingi, inapishana. Nikamwonyesha, akatikisa kichwa akasema hiyo ni kisu. Kauri ya zamani ya Ufaransa mng'aro wake una madini ya risasi mengi, ni laini, kisu kinaandika juu yake. Sikuweza kusema kitu kwa muda. Miaka 200 na zaidi na nyama ya mtu imekatwa hapo, nimeshika chakula cha jioni cha mtu.

Na hii ndo sababu hasa nimeipenda hii kauri kuliko ile ya kweli. Kauri ya kweli inataka udongo mweupe unaoitwa kaolini, na Wafaransa hawakuwa nao, au tuseme walikuwa nao wanaukanyaga. Kwa karibu miaka mia moja wakatengeneza bila huo udongo. Vincennes na baadaye Sèvres waliipika hivi: mchanga wa Fontainebleau, shura, chumvi, magadi, shabu, na jasi ya Montmartre. Soma tena hiyo orodha, ukienda duka la dawa za asili Marikiti utapata nusu yake. Wanachoma vyote pamoja vinakuwa kama kioo, wanavunja, wanasaga unga, halafu wanatia chokaa na udongo kidogo. Shida ni kwamba donge hilo halishikani, si udongo kweli, ukilifinyanga linakatika kama unga wa mchele. Wakalitia sabuni nyeusi na gundi ya ngozi ili likubali kukaa kwenye kalibu. Ukishapata umbo, tanuri ndo linaamua. Moto ukizidi kidogo donge linalegea kama mshumaa. Ukipungua linatoka chaki. Vingapi vilivunjika ili kimoja kisimame! Wafaransa wenyewe wanaiita udongo laini, na wengine wanaandika kauri bandia, neno ambalo mimi silipendi hata kidogo. Bandia ni kitu cha kudanganya. Huyu fundi hakudanganya, alikosa udongo akatengeneza wa kwake.

Nikamwomba mzee ruhusa niigonge. Akacheka akasema gonga. Haikulia tiiing ya bibi, ilitoa sauti fupi ya chini, imetulia, haina ufa. Bei yake ilikuwa mshahara wangu wa siku nyingi, nikamrudishia kwa mikono miwili nikamshukuru.

Siku ya tatu, Jumapili

Chantilly, na watoto wa kaka, wawili, wanaomwita kila mtu ndani ya treni "bonjour". Dakika 25 hivi kutoka Gare du Nord.

Mwenye mji huu zamani alikuwa Louis Henri, duke wa Bourbon na mwanamfalme wa Condé, aliyekuwa waziri mkuu wa Louis XV mpaka 1726 akatolewa akaambiwa akae kwake Chantilly. Sasa mtu mwenye pesa zile, hana kazi, na anapenda kauri ya Japani kuliko kitu chochote, afanye nini? Karibu 1730 akafungua kiwanda chake, akamweka fundi Cirou akisimamie. Mazizi yake ya farasi bado yapo, yalijengwa ya farasi 240, na ukiyaona kwa mbali utaapa ndo jumba lenyewe. Nilipoyaona ndo nikaelewa kwamba kwa watu wa aina ile kiwanda cha sahani kilikuwa sehemu ya heshima ya nyumba, kama farasi, kama mbwa wa kuwindia. Mwenzio ananunua kauri, wewe unayo yako inatoka kwenye tanuri lako na alama ya tarumbeta yako.

Vyombo vya mwanzo vya Chantilly ni tofauti na ile sahani ya jana. Udongo wao ulikuwa na unjano ndani, kwa hiyo wakaufunika kwa mng'aro wenye bati, mweupe usiopitisha mwanga, kama bi harusi anavyopakwa poda. Juu yake wakachora vitu vya Japani: kware, joka, kindi kwenye mti, uzio wa matete. Rangi chache, nafasi nyeupe kubwa. Waliochora hawakuwahi kufika Japani, walikuwa na vyombo vya bosi wao tu mbele ya macho, na ukiangalia yule joka vizuri utaona sura yake imekuwa ya kijijini, kama mbwa aliyeshiba. Mtoto wa kaka alibandika pua kwenye kioo akasema, "Shangazi, huyu hawezi kukuuma." Nimeandika maneno yake hapa manake ni kweli.

Mchana tulikula maandazi na krimu ya hapo hapo, watoto wakalala treni nzima kurudi.

Siku ya nne, Jumatatu

Hii ndo siku niliyoingoja. Metro namba 9 mpaka mwisho, unavuka daraja la Seine kwa miguu, na Sèvres iko mbele yako. Ukiendelea pembeni ya mto uko Saint-Cloud, na nilianza na huko, asubuhi mapema, bustani nzima umande. Jumba la Saint-Cloud liliungua 1870 kwenye vita na Wajerumani, limebaki uwanja. Lakini hapa Saint-Cloud familia ya Chicaneau na Trou walitengeneza kauri laini kabla ya Vincennes haijafikiriwa. Chicaneau alikufa, mjane wake Barbe Coudret akaolewa na Henri Trou, na siri ikabaki kwa mama huyo na watoto wake, mwaka 1702 ndo wakapewa hati ya mfalme. Vikombe vyao ni vinene, na visahani vyao vina pete iliyoinuka katikati ya kukishika kikombe kisiteleze, chokoleti isimwagike mtu akitetemeka mkono. Nilivyoona kile kisahani baadaye kwenye kabati nilisema huyu aliyebuni amewahi kuhudumia wagonjwa au wazee.

Sasa Sèvres yenyewe. Kiwanda kilihama Vincennes kuja hapa 1756, karibu na nyumba ya Madame de Pompadour, kipenzi wa mfalme, aliyekisukuma kwa nguvu zake zote, na 1759 mfalme Louis XV akakinunua chote. Mwaka huo huo wa vita alikuwa anapeleka vyombo vyake vya fedha viyeyushwe viwe sarafu, kama babu wa baba yake Louis XIV alivyofanya 1689 na 1709. Angalia hesabu hiyo. Fedha inaondoka mezani, na mfalme mwenyewe ana kiwanda cha kitu cha kuweka pale palipobaki wazi. Halafu viwanda vingine vikakatazwa kutia dhahabu na kuchora rangi nyingi, hiyo ikawa haki ya Sèvres. Kila mwisho wa mwaka vyombo vipya vinatandazwa Versailles kwenye vyumba vya mfalme na watu wa ikulu wanakuja kununua, mfalme anaangalia nani amenunua nini. Ungepita mikono mitupu?

Kuhusu bei, sahani moja ya seti aliyojiagizia Louis XVI ilikuwa livre 480, pesa ya Ufaransa ya zama zile, wakati kibarua wa Paris anapata livre moja na kitu kwa siku. Mwaka mzima na zaidi wa jasho, sahani moja. Na hizi nyingi zilikuwa za mwisho wa mlo, matunda na aiskrimu, manake nyama bado walipenda kuila kwenye fedha.

Rangi. Nilikuwa nimeziona kwenye simu na simu inasema uongo. Ile buluu ya mbinguni aliyoivumbua mkemia Jean Hellot mwaka 1753 kwa ajili ya seti ya Louis XV haina mwenzake, ni bahari ya Shela saa nne asubuhi maji yakiwa yamejaa. Udongo laini unakunywa rangi, inazama ndani ya mng'aro, haikai juu, kwa hiyo ukiangalia unahisi inatoka ndani.

Kuna fundi mama mmoja alikuwa anaonyesha wageni kazi ya dhahabu. Dhahabu ikitoka tanurini haing'ai, imekufa kabisa, rangi ya binzari iliyokauka. Anachukua kijiti chenye jiwe la akiki limechongwa mfano wa jino, anasugua kwa kwenda na kurudi, polepole, na pale jiwe linapopita dhahabu inaamka. Nusu ya ukingo imekufa na nusu iko hai na mpaka unausogeza yeye kwa mkono wake. Alisema zamani dhahabu ilisagwa na asali, na siri yake ilinunuliwa 1748 kwa mtawa mmoja, Frère Hippolyte. Nilisimama hapo mpaka kundi langu likaniacha.

Halafu kuna kitu lazima nikiandike, sikukuja nacho ila kimenikuta. Seti moja kubwa sana ni ile ya Catherine malkia wa Urusi, aliiagiza 1776, ya watu 60, zaidi ya vipande 700, ikamfikia 1779. Mwaka 1776 huo huo, mwezi wa Septemba, Mfaransa Morice aliandikishana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watu 1000 kila mwaka, piastre 20, sarafu za fedha, kwa kila kichwa, wapelekwe utumwani visiwa vya Île de France na Bourbon, yaani Mauritius na Réunion za leo. Bourbon, penye mashamba ya kahawa. Kahawa inayoshuka kwenye kikombe chenye dhahabu ya asali. Nilikuwa mbele ya kikombe kimoja kidogo cha buluu, kizuri kupita maelezo, na nikahesabu mwaka wake kwenye kibandiko nikaona ni wa zama zile zile. Kilwa ile ile iliyokuwa inapachika bakuli za China kwenye kuta na dari za nyumba zake mababu wa hao Wafaransa hawajaijua bado kauri ni nini. Nimekaa kwenye benchi la makumbusho muda. Sikuacha kukiona kikombe ni kizuri. Ila sasa najua kilikuwa kinanyweshwa nini na nani aliipanda, na kuanzia leo nikieleza mtu habari za Sèvres nitamweleza na hili, sitalikata.

Jioni wifi alinipikia mchuzi wa nazi bila kuniuliza kitu.

Siku ya tano, Jumanne

Treni ya Limoges kutoka Austerlitz, zaidi ya saa tatu, joto la Julai, nimelala nusu ya njia. Stesheni ya Limoges ina kuba la shaba na mnara wa saa, nzuri kuliko majumba mengi. Makumbusho ya kauri Jumanne hufungwa, kwa hiyo nilienda kuona tanuri la zamani la Casseaux, la miaka ya 1800, la matofali, unaingia ndani yake unasimama kama uko ndani ya chupa kubwa. Vyombo vilikuwa vinawekwa kwenye makasha ya udongo, kasha juu ya kasha mpaka juu, mlango unajengwa kwa matofali, halafu moto mpaka digrii 1400. Ukikosea unapoteza kazi ya wiki kadhaa ya watu wengi kwa usiku mmoja. Ndani kuta zimekuwa kioo kwa moto, nilipapasa, ni laini kama sabuni.

Siku ya sita, Jumatano

Makumbusho ya Adrien Dubouché. Hapa nimeona kauri laini na ngumu, yaani ile ya kaolini, zimewekwa karibu karibu na nimepata kuzilinganisha kwa utulivu. Baada ya kaolini kupatikana karibu na hapa mwaka 1768, kiwanda cha kwanza cha kauri ngumu Limoges kilianza 1771, na 1784 kikanunuliwa kwa ajili ya mfalme kiwe mtoto wa Sèvres. Hiyo kauri mpya ni nyeupe kweli kweli, nyembamba, nguvu, kisu hakiandiki juu yake, maji ya moto hayaitishi. Kila kitu walichokitafuta miaka mia. Na rangi zinakaa juu yake, hazizami. Nilisimama na sahani mbili mbele yangu, ya laini na ya ngumu, buluu kwa buluu, na kama mtu wa jikoni nitachagua ngumu bila kufikiri, nitaiosha mara elfu tano haitalalamika. Kama ni ya kuangalia, nirudishieni ile inayolegea kama mshumaa.

Sèvres wenyewe hawakuiacha laini mara moja, waliendelea kutengeneza zote mbili miaka kadhaa, ndo nikajua si mimi peke yangu.

Mchana nikaingia duka moja la mjini wanakouza chaguo la pili, yaani vile vyenye kasoro ndogo. Nikachagua sahani nyeupe tupu, haina ua wala dhahabu, kasoro yake ni kidoa kimoja cha kahawia kama chembe ya pilipili manga karibu na ukingo. Niligonga sahani kama kumi kabla ya kuichukua hii. Mwenye duka hakusema kitu, akanisubiri nimalize.

Siku ya saba, Alhamisi

Saint-Yrieix-la-Perche, kilomita 40 hivi kusini ya Limoges, gari moshi dogo linapita katikati ya ng'ombe wekundu na miti ya chestnati.

Kisa chenyewe cha kupatikana kaolini kinasimuliwa hivi. Darnet alikuwa daktari mpasuaji wa mji huu, na mkewe alikuta udongo mweupe laini, akaona labda utafaa kufulia nguo badala ya sabuni. Mumewe akachukua kidogo akampelekea mfamasia Villaris wa Bordeaux, naye akaujua. Ukafika kwa Macquer, mkemia wa Sèvres, akathibitisha: kaolini, safi, tayari. Watu wazima wenye vyeo walikuwa wametumwa kuzunguka Ufaransa kuutafuta huo udongo, wafalme wametoa pesa, viwanda vimefilisika, na uko kwenye beseni la mama anayefua. Nampenda huyo mama. Nampenda kwa sababu aliushika kwanza, akausugua, akauliza unafaa nini. Hivo ndivo tunavyojua vitu sisi tunaofua na kuosha.

Machimbo ya zamani ya Marcognac yako nje ya mji, nilipata lifti ya mama mmoja wa sokoni, Mungu ambariki. Ni shimo pana, kingo zake nyeupe zina michirizi ya kutu, miti imerudi juu yake. Nilichutama nikachota. Ukiwa mkavu ni kama unga wa muhogo, unapanda kwenye mistari ya kiganja. Nikautia maji ya chupa, ukashikana papo hapo, ukawa mtiifu, nikafinya kidogo ukakaa na alama ya kidole changu. Nikawakumbuka wale wa Vincennes na sabuni yao nyeusi na gundi yao. Wangeupata huu tu, mkono mmoja wa huu. Nilikifinya kibakuli kidogo ukubwa wa sarafu nikakiacha juu ya jiwe.

Stesheni nilikaa saa nzima kungoja treni ya kurudi. Nikampigia mama Mombasa, sahani za bibi ziko kwake siku hizi, zimebaki nne. Nikamsalimia shikamoo, nikamwambia nimekununulia sahani kule kunakotoka udongo wenyewe, nyeupe, ina kidoa kimoja. Hakuuliza bei wala rangi. Akauliza, "Inalia?"

Nikaitoa kwenye begi, nikaifungua gazeti, nikaishika kwa chini kwa ncha za vidole, nikaweka simu karibu nikagonga ukingo kwa ukucha. Ikalia, ndefu, mpaka mtu wa benchi la pili akageuka.

Mama akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hebu gonga tena."